Taka za Kariakoo: somo la Mnazi Mmoja lisiloishia dampo

Kwa mwanafunzi anayesoma maeneo ya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, suala la takataka halihitaji picha ya kitabuni. Hatua chache kutoka hapo ipo mitaa ya Kariakoo, ambako kila jioni hubaki marundo ya majani ya migomba, maganda ya mananasi, nyanya zilizopondeka na maboksi. Swali la kwanza ambalo mwalimu hulazimika kulijibu ni wapi vitu hivyo hupelekwa.

Jibu lake lina historia ya mashauri mahakamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka karibu na makazi yao, na Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lugakingira, ikawapa haki. Jiji liliomba kuongezewa muda. Taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko, zaidi ya 790, nao wakaenda mahakamani mwaka 1991. Baadaye dampo likahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Kila lilipohama lilipata majirani wapya, ambao si wao walioongoza kwa kuzalisha taka hizo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya taka za jiji ni zile zinazooza, na hizo hazikupaswa kufika dampo. Zikifukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi inayochangia joto la dunia, pamoja na majimaji machafu yanayopenya ardhini. Zikioza penye hewa huwa mboji.

Mboji si jambo geni katika shule za Tanzania. Tangu Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mashamba ya shule yalikuwa sehemu ya masomo. Tatizo la shule za katikati ya jiji ni ardhi, kwani nyingi zimezungukwa na maghorofa na maduka. Kinachowezekana ni pipa la lita 200 lililotobolewa pembeni na chini, likaegemezwa juu ya matofali kivulini.

Ndani yake hupangwa tabaka la vitu vikavu, kama vile maranda, majani makavu au maboksi yaliyochanwa, kisha tabaka la maganda na mabaki ya mboga. Nyama na samaki haviwekwi, kwa kuwa huita panya na nzi. Wanafunzi hugeuza mchanganyiko huo kila wiki na kupima unyevu kwa mkono: ukiminywa, uwe na unyevu bila kuchuruzika maji. Ukinuka kama yai viza, hewa haipiti, na dawa yake ni kuongeza maranda. Baada ya miezi miwili au mitatu hupatikana mboji ya kuoteshea mchicha kwenye magunia.

Chupa za plastiki na vyuma chakavu vina wanunuzi wanaopima kwa kilo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, lakini vifungashio vya pipi na biskuti vimebaki, na hakuna anayevitaka. Kuvichoma nyuma ya madarasa, desturi ambayo wengi huiona kuwa usafi, hubadilisha taka kuwa moshi wenye sumu unaovutwa na watoto walewale waliofagia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kuhakikisha taka zinatenganishwa zinakozalishwa. Kikwazo hujitokeza pale lori linapofika na kumwaga mapipa yote mahali pamoja mbele ya macho ya wanafunzi. Mtoto aliyetenganisha kwa wiki nzima huona kazi yake ikichanganywa kwa dakika moja, na ni vigumu kumshawishi arudie.

Yapo maeneo ambako mnyororo huo haukatiki hapo. Katika Kata ya Bonyokwa, wilayani Ilala, asasi ya Nipe Fagio imeendesha ukusanyaji wa taka zilizotenganishwa nyumba kwa nyumba. Huko Mabwepande, wilayani Kinondoni, kimejengwa kiwanda cha mboji kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, kinachopokea taka za masokoni.