Gimbi na Mpaka wa Ruvuma

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mmea ambao wengi wetu mjini huukumbuka Ramadhani inapoingia. Siku hizo gimbi lililopikwa kwa tui la nazi huheshimika mezani kuliko nyama. Ramadhani ikitoka, tunalisahau hadi mwaka mwingine.

Wengine husema gimbi, wengine jimbi, ingawa jimbi ni jogoo pia. Mmea wenyewe kamusi za zamani huuita myugwa. Majani yake mapana yamewafanya Wazungu wauite masikio ya tembo, na huko kwao wengi huupanda kwa urembo tu. Kabla ya baridi kali huuchimba, wakaufungia ndani kwenye maboksi mpaka joto lirudi.

Jambo moja nalitilia mkazo: wakulima wetu hawapandi gimbi kwa mbegu. Hukata kichwa chake pamoja na kipande cha bua, au hung'oa chipukizi la pembeni. Mbegu ya mchicha huweza kubebwa na ndege, lakini gimbi la bustanini lazima mtu alitoe na mwingine alipokee. Kwa hiyo kila gimbi unalolila lina ukoo wa watu nyuma yake.

Ukoo huo unaanzia Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Gimbi lilivuka Bahari ya Hindi na kufika kwetu zamani sana, kabla Vasco da Gama hajapita pwani hii mwaka 1498. Wamisri walilijua tangu enzi za Warumi na mpaka leo wanalila. Kwa bahati mbaya gimbi huoza, halisubiri wachimbaji wa mambo ya kale. Punje za mpunga na choroko za Asia zilizoungua zimekutwa Komoro, zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Gimbi halikuacha punje ya kuungua. Historia yake imebaki vinywani na bustanini.

Ndiyo maana naipenda Mahurunga, kule karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba mto huo uwe mpaka wa makoloni yao. Mwaka 1894 Wajerumani wakavunja mapatano yao wenyewe na kuichukua Kionga, ng'ambo ya kusini ya mlango wa mto. Wareno wakairudisha mwaka 1916 katikati ya Vita Kuu, na baada ya vita wakathibitishiwa. Wakubwa walipokuwa wakihamisha mstari, ndugu walibaki kuoana huku na huku. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka kuja kwetu kama wakimbizi.

Bibi mmoja wa Mahurunga alinionyesha uani kwake magimbi ya aina mbili, moja la bua la kijani na jingine la bua la zambarau.

"Hili jekundu nililetewa na wifi yangu kutoka ng'ambo," aliniambia. Yeye zambarau huiita nyekundu. "La kijani ni la mama yangu."

Baridi kali Mahurunga hakuna, lakini kiangazi kipo. Mvua huisha Mei, na hairudi mpaka Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo gimbi la mlimani hunyauka, na mwenye tamaa huchimba yote akala. Bibi huyu hubakiza mashina machache penye maji yanayotoka bafuni, chini ya migomba. Wengine huyatunza kandokando ya mashamba ya mpunga. Mvua ikianza, aliyekosa hubisha hodi kwa aliyebakiza. Hakuna pesa inayodaiwa, ila mwaka ujao na wewe utabishiwa.

Msomaji wa mjini atauliza, kuna hasara gani mtu akikosa? Mwaka 1993 ugonjwa wa ukungu wa majani uliingia Samoa, visiwa vilivyokuwa vikiuza magimbi nchi za nje, na biashara hiyo ikaanguka kwa muda mfupi. Karibu wote walikuwa wamepanda aina moja. Kati ya 2009 na 2010 ugonjwa huohuo ukaikumba Afrika Magharibi: Kameruni, Nijeria, Ghana. Anayetunza aina mbili uani amejiwekea akiba kuliko anayetunza moja, na aina ya pili kwa kawaida hutoka kwa mgeni.

Kwa Mahurunga mgeni huyo huvuka mto. Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma wakaua watu na kuchoma nyumba katika kijiji cha Kitaya. Nilipomuuliza bibi kuhusu wifi yake, alisema hajamwona tangu mwaka huo wa Kitaya.

"Nikilipoteza hili, mwanangu, nitamfuata nani?"

Machipukizi matatu ya lile la zambarau alikuwa amekwisha kuyagawa kwa majirani.