Wataalamu, Vibali na Nishati katika Turkana

Historia ya viwanda katika Turkana haitenganishiki na historia ya vibali, yaani hati ambazo serikali humpa mtu ili aingie, akae au afanye kazi mahali fulani. Enzi ya ukoloni wilaya hiyo ilikuwa eneo lililofungwa, ambalo mtu wa nje hakuingia bila idhini, na ni upweke huo uliowafanya Waingereza kumhamishia Jomo Kenyatta Lodwar mwaka 1959 akiwa bado kizuizini. Baada ya uhuru, Sheria ya Uhamiaji ya 1967 iligawa vibali vya kuingia nchini katika madaraja, kila daraja likiwa na kazi yake, na ujuzi wa mgeni ukawa miongoni mwa mambo yaliyopimwa kabla ya kumruhusu kuajiriwa.

Wataalamu walioacha alama kubwa zaidi walitoka Norwei. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la misaada la nchi hiyo, NORAD, lilisaidia ujenzi wa barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar, likauunga mkono ushirika wa wavuvi wa Ziwa Turkana, na huko Kalokol, kaskazini-mashariki mwa Lodwar, likajenga kiwanda cha kukata samaki minofu na kuigandisha kwa ajili ya masoko ya mbali. Kiwanda hicho, kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilifanya kazi kwa muda mfupi sana kisha kikazimwa, kwa kuwa gharama ya kuendesha mitambo ya baridi na ya kupata maji safi jangwani ilizidi thamani ya samaki wenyewe. Na muda si mrefu Ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa kwa uvuvi, ilikauka.

Kisa hiki kinastahili kuchunguzwa kwa kipimo cha ufanisi wa nishati, yaani kiasi cha kazi inayopatikana kwa kila sehemu ya nishati inayotumika. Mtambo wa kugandisha hauumbi baridi: huondoa joto ndani ya samaki na kulitupa nje, na kadiri hewa ya nje inavyokuwa na joto ndivyo unavyohitaji nguvu zaidi ili kuondoa kiasi kilekile. Kalokol, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, mashine hiyo huwa kazini bila nafuu, na minofu ikishaganda sharti ibaki imeganda njia nzima hadi sokoni. Wavuvi wa ziwa hilo, kwa upande wao, walikuwa wakimpasua samaki, wakamfungua bapa na kumwanika mpaka awe ng'onda. Jua na upepo humwondolea maji, uzito wake hupungua, na gunia lake hupakiwa kwenye lori la kawaida bila barafu. Huo ulikuwa uzalishaji wenye ufanisi wa hali ya juu, na ni haki uitwe hivyo, ingawa hapakuwa na daraja la kibali lililotambua ujuzi wa aina hiyo. Jengo la kiwanda baadaye likatumika kuhifadhia samaki wakavu.

Wanorwei waliondoka baada ya Kenya kuvunja uhusiano wa kibalozi na nchi yao Oktoba 1990, kufuatia kesi ya Koigi wa Wamwere, mwanasiasa wa Kenya aliyekuwa amepata hifadhi kwao. Mwaka uliofuata bwawa la Turkwel, lililojengwa na wahandisi wa Kifaransa, lilikamilika likiwa na uwezo wa megawati 106, lakini laini yake ya umeme ilielekezwa kusini hadi Lessos, na Lodwar ikaendelea kutegemea jenereta za dizeli.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, wakafuatiwa na Waethiopia, Wasomali, Wakongo na wengine. Miongoni mwao walikuwamo walimu, wauguzi na mafundi, na ni wenye maduka miongoni mwao waliovuta nyaya kutoka jenereta zao na kuwauzia majirani umeme, muda mrefu kabla ya mitambo ya jua kujengwa katika makazi jirani ya Kalobeyei. Hata hivyo, sheria ya uhamiaji ya 2011, iliyokuwa na daraja M la kibali kwa ajili ya wakimbizi, haikuwafungulia mlango mpana, na wengi walioajiriwa na mashirika waliendelea kulipwa posho iitwayo insentivu, iliyo ndogo kuliko mshahara wa Mkenya afanyaye kazi hiyohiyo. Hiyo ilikuwa dhuluma, hata kama ilifuata taratibu.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake iwapo sifa zake zinatambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Kwa mhandisi, mamlaka hiyo ni Bodi ya Wahandisi, ambayo humsajili mtu kwa kutazama vyeti vyake. Na mtu aliyekimbia vita usiku mara nyingi huwa ameviacha nyuma, katika chuo ambacho pengine hakina tena wa kujibu barua.