Keateka mmoja, nyumba nne: historia ya kidude kinachochunga seva

Leo tuweke kando kidogo habari za kuandika programu za simu tuangalie kidude ambacho wengi wenu mnakitegemea kila siku bila kukijua. Ukituma pesa, ukifungua barua pepe au ukiangalia matokeo ya mtihani, mahali fulani kuna seva inakujibu. Na ndani ya seva hiyo, kwenye bodi ileile, kuna kompyuta nyingine ndogo inayoichunga. Mafundi huiita BMC.

BMC ina prosesa yake, kumbukumbu yake na mara nyingi tundu lake la waya wa mtandao. Seva ikizimwa yenyewe inabaki macho, mradi tu waya wa stima haujachomolewa. Inapima joto, inazungusha feni, inawasha na kuzima seva, na inakuonyesha kilichoandikwa kwenye skrini kana kwamba umesimama mbele yake. Ifikirie kama keateka wa ploti: hakai ndani ya nyumba yako, lakini swichi kubwa iko mikononi mwake.

Kwetu huku jambo hili si la anasa. Kutoka Eldoret hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Seva yako ikiganda saa nane usiku, huwezi kupanda matatu kwenda kubonyeza kitufe. Na stima yetu mnaijua. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi ikaingia giza (tumbili mwenyewe alipona!). Tarehe 25 Agosti 2023 giza likarudi karibu nchi nzima. Umeme ukirudi, si kila mashine huamka yenyewe. Kuna ambazo husubiri kuambiwa.

Tena kuna jambo ambalo vijana wa leo hawalikumbuki. M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini mitambo yake ilikuwa Ujerumani, na haikuhamishiwa Kenya hadi 2015. Mama wa Kapsoya akimtumia mwanawe shilingi mia tano, ujumbe ulikuwa unaenda Ulaya na kurudi. Basi ukisikia mtu akisema kusimamia seva kwa mbali ni mambo ya wazungu wenye maghala makubwa, mkumbushe hayo.

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1998 kampuni nne, Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC, zilikubaliana lugha moja ya kuzungumza na BMC. Zikaiita IPMI. Toleo la 1.5 la mwaka 2001 likaruhusu amri zipite kwenye mtandao, na la 2.0 la mwaka 2004 likaongeza usimbaji na uwezo wa kusoma maandishi ya seva ukiwa mbali. Amri zake zilikuwa fupi sana, baiti chache tu. Kwa sisi wa Afrika Mashariki huo ulikuwa wema mkubwa, maana kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika pwani mwaka 2009 tulipitia setilaiti, ishara ikipanda kilomita karibu 36,000 kisha kushuka tena. Kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Picha za skrini zilikuwa mateso, lakini amri ya kuzima na kuwasha ilipenya.

IPMI ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya, na mwaka 2013 mtaalamu wa usalama Dan Farmer aliuanika hadharani: kwa jinsi toleo la 2.0 lilivyobuniwa, mtu asiye na ruhusa yoyote angeweza kuiomba BMC alama iliyotokana na nywila ya mtumiaji, kisha akaketi kwake kuikisia taratibu. Huwezi kulitibu hilo kwa kiraka, kwa sababu ndivyo sheria yenyewe ilivyoandikwa.

Mwaka 2015 ndio uliobadilisha mambo. Jumuiya ya viwango ya DMTF ilitoa Redfish, inayotumia HTTPS na JSON, vitu ambavyo mwandishi yeyote wa tovuti anavijua. Mwaka huohuo Facebook ilitoa OpenBMC, programu huria ya kuendesha BMC, pamoja na muundo wa mashine ulioitwa Yosemite. Hii Yosemite ndiyo niliyotaka kuwafikisha. Ndani ya sanduku moja kuna kadi nne, kila kadi ni seva kamili, lakini BMC ni moja tu. Hesabu yake ni rahisi: seva zikiwa maelfu, BMC tatu zilizookolewa katika kila sanduku ni pesa.

Keateka sasa ana nyumba nne. Ukimpigia simu ukamwambia "zima stima ya nyumba", atakuuliza: ipi?

Facebook walijibu kwa kuzipa kadi majina, slot1 hadi slot4, na amri zao zikalazimika kutaja jina. Ila waliacha pia amri ya kukata umeme wa sanduku zima, ambayo huziangusha seva zote nne pamoja na BMC yenyewe. Nadhani mnaweza kukisia jinsi amri hiyo inavyoogopwa.

Upande wa pili kulikuwa na OpenBMC nyingine. Ndiyo, ni mbili zenye jina moja na kodi tofauti! Hii ya pili iliingia chini ya Linux Foundation mwaka 2018. Huduma yake ya wavuti inaitwa bmcweb, imeandikwa kwa C++, na ndiyo inayojibu maswali ya Redfish. Ilikua kwenye bodi zenye seva moja, ikazoea. Ukiuliza kuna seva gani, ilikujibu kwa anwani moja iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya kodi:

/redfish/v1/Systems/system

Angalieni kichekesho. Neno Systems ni la wingi. Waandishi wa Redfish waliacha nafasi ya seva nyingi tangu siku ya kwanza. Ni programu iliyojaza nafasi hiyo kwa jina moja. Na ukiteremka chini zaidi, seva hiyo inaitwa host0, yaani hesabu inaanza na sifuri. Mwenzako akihesabu kuanzia moja na wewe sifuri, mkikutana kwenye amri ya kuzima, aliyezimwa ni jirani asiye na hatia.

Kwa hiyo kuongeza msaada wa seva nyingi si kuongeza jina la pili kwenye orodha. Kila mahali palipoandikwa system panapaswa kufunguliwa: kuwasha, kuchagua diski ya kuanzia, kumbukumbu za matukio, vipimo vya kumbukumbu na prosesa. Sehemu moja ikisahaulika, BMC itakuonyesha hali ya seva ya kwanza huku ukidhani unatazama ya tatu, na hilo ni baya kuliko kutokujibiwa kabisa.

Wasimamizi wa bmcweb walifanya jambo ambalo mimi binafsi nalipenda. Waliweka kwanza swichi ya majaribio ya seva nyingi ambayo, ukiiwasha, haikurudishii seva yoyote. Kwenye kodi waliandika wazi kwamba kwa sasa chaguo hili halirudishi kitu. Watu wengine waliona ni mzaha. Lakini ilizilazimisha sehemu zote zilizozoea jina moja zijitokeze, na mteja akapata jibu la "haipo" badala ya jibu la uongo. Kazi iliyofuata ikaegemea orodha ya vifaa: kila kadi ijitangaze ni ya seva nambari ngapi, na bmcweb itafute nambari hiyo badala ya kukisia.

Kilichobaki kigumu ni ruhusa. Ngazi za kawaida za Redfish ni tatu: msimamizi, mwendeshaji na msomaji tu. Ngazi hizo hushika BMC nzima. Mwendeshaji wa seva ya pili ana uwezo uleule juu ya ya nne. Kwa kampuni yenye seva zote nne hilo si tatizo. Kwa anayekodisha kadi nne kwa wateja wanne, dawa ya kawaida ni kuweka programu nyingine mbele ya BMC, ikague nani anaomba nini kabla ya kupitisha amri, na nywila ya BMC yenyewe asipewe mpangaji yeyote.