Mkuu anatia sahihi, lakini jina lililetwa na nani?

Wasee, leo twende Alabama, Marekani. Mwaka 1963, gavana George Wallace alisimama mlangoni pa Chuo Kikuu cha Alabama kuzuia wanafunzi wawili Weusi wasisajiliwe. Miaka kumi baadaye, 1973, chuo hicho hicho kikaajiri kocha msaidizi wa kwanza Mweusi kwenye timu yake ya futiboli, ile ya kuvaa helmeti. Anaitwa John Mitchell.

Mitchell ni mtoto wa Mobile, Alabama, lakini ilibidi aende kuchezea chuo kidogo Arizona. Kocha mkuu Bear Bryant akasikia habari zake kutoka kwa kocha mpinzani, akamrudisha nyumbani haraka. 1971 akawa Mweusi wa kwanza kuichezea Alabama kwenye mechi. 1972 akawa mmoja wa manahodha.

Watu huishia hapo, sifa zote kwa Bryant. Mimi naona utamu uko mbele.

Kocha mkuu hawezi kufika kila kijiji. Wasaidizi ndio hugawana maeneo, wanatazama mechi za shule, wanakaa sebuleni na mama ya kijana, halafu wanarudi na majina. Mkuu anachagua, sawa, lakini anachagua kwa yale ameletewa. Jina lisipofika mezani, talanta yako inabaki stori ya mtaa.

Mitchell ndiye alimfuata Ozzie Newsome, kijana Mweusi ambaye alikuwa ameanza kuegemea Auburn, mahasimu wa Alabama. Newsome akaingia Alabama 1974. Na 2002, Baltimore Ravens wakamfanya meneja mkuu wa kwanza Mweusi katika NFL. Sasa yeye ndiye akawa anaamua majina ya wengine.

Hii stori inaniuma kidogo. Kabla niache chuo, niliandikia wakubwa barua za kuomba msaada wa karo. Kimya. Baadaye ndio nilijua kuna msaidizi mmoja ofisini aliyekuwa anapanga ni faili gani zinafika kwa mkubwa. Yangu haikuwahi kufika. Hakuna mtu mle ndani alikuwa ananijua.

Kwa hivyo usidharau cheo kidogo. Mitchell hakuwa mkuu, alikuwa tu ndani ya chumba. Ukipata kiti, hata cha pembeni, peleka jina la msee mmoja.