Dau la Mnyonge

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji uliyekosa redio usiku ule ukayangoja mazungumzo haya gazetini, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi watu wa mjini hatulifikirii hata tunapobishania bei ya changu pale Feri. Yule aliyemvua changu yule alikwenda baharini na chombo gani? Na chombo hicho alikipataje, naye ni mtu asiye na kitu?

Swali hili sikulitunga mimi. Jumapili iliyopita alibisha hodi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Kunduchi. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, akatoa kikaratasi mfukoni.

"Mjomba, nimechoka kuvua kwenye chombo cha tajiri. Nataka changu."

Kikaratasi kilikuwa na vyombo vitatu na bei zake. Cha kwanza ni boti ya faiba pamoja na mashine, kwa mkopo. Cha pili ni mashua ndogo ya mbao, mpya, kwa fundi. Cha tatu ni ngalawa iliyokwisha kutumika, iliyoko Bagamoyo. Bei sizitaji hapa, kwani zitakuwa zimebadilika kabla wino wa gazeti haujakauka. Alitaka nimshauri, na, bila shaka, nimkopeshe. Nikamwomba juma moja. Nilikuwa na sababu yangu ya kusita, nitaieleza baadaye.

Katika juma hilo nilirudi kwenye vitabu, nikagundua kwamba mpwa wangu si wa kwanza kukaa na kikaratasi cha namna hii. Kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita, Mgiriki mmoja wa Misri ambaye hakuacha jina lake aliandika mwongozo wa biashara ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Alipofika kwenye habari za pwani yetu akakitaja kisiwa alichokiita Menouthias, akasema wenyeji wake wana vyombo vidogo vya kushona na mitumbwi ya gogo moja, ambavyo huvitumia kuvulia samaki na kasa. Akaongeza kwamba hutega pia kwa vikapu vya kusukwa kwenye midomo ya mikondo ya maji. Mvuvi wa Unguja akisomewa maneno hayo atasema tu: huyo anazungumzia dema. Na mji wa biashara aliouita Rhapta, jina lake lilitokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya vyombo hivyo hivyo.

Basi tangu wakati ule kulikuwa na vyombo viwili, na mtu alitakiwa kuchagua. Mtumbwi wa gogo wataka mti mkubwa na mikono yenye shoka na tezo. Hauna mkuku wala mataruma, wala hauna maungio ya kuvuja. Mtu na nduguye wanaweza kuuchonga. Ubaya wake ni kwamba upana wake ni upana wa mti, na mawimbi yakipanda kidogo hubingirika kama gogo lililokuwa hapo awali. Chombo cha mbao za kushona chaweza kupanuliwa upendavyo, lakini chataka fundi, mbao zilizopasuliwa, na kamba za makumbi ya nazi zisizo na hesabu. Hakimfai mtu mmoja mnyonge.

Vyombo vya kushona vilikuja kuwa fahari ya pwani. Wareno walipofika Msumbiji mwaka 1498, mwandishi wa safari ya Vasco da Gama alieleza vyombo visivyo na msumari, mbao zikishikwa kwa kamba, na matanga ya mikeka. Huo ndio ukoo wa mtepe wa Lamu na wa Wabajuni, ambao ulidumu hadi karne ya 20 ilipoanza, kisha ukatoweka. Watu huusifia mtepe kwamba ulikuwa laini, ukigonga mwamba haupasuki upesi. Ni kweli. Lakini wasifiaji aghalabu hawakuwahi kuwa ndani yake wakifua maji usiku na mchana, maana kila tundu la uzi lilikuwa mlango wa bahari. Mtepe, hata hivyo, ulikuwa chombo cha shehena: boriti, nafaka, bidhaa. Mvuvi wa kitoweo aliuona ukipita.

Sasa hapa kuna jambo lililonishangaza. Mwaka 2015 Jeffrey Fleisher na wenzake, wachimbuzi wa mambo ya kale, waliandika makala wakiuliza ni lini hasa Waswahili walikuwa watu wa bahari. Sisi tungejibu: tangu na tangu! Wao walitazama mifupa ya samaki iliyofukuliwa kwenye miji ya kale, kama Shanga kule Lamu. Wakaona kwamba kabla ya kiasi cha mwaka 1000 watu wa miji ile walikula zaidi samaki wa ndani ya miamba, samaki wa maji mafupi. Ni baada ya hapo ndipo mifupa ya samaki wa bahari kuu inapoongezeka. Yaani babu zetu walikaa karne kadhaa ufukweni wakivua karibu na nyumbani, ndipo wakatoka nje ya mwamba.

Ndugu msomaji, usilipite jambo hili haraka. Ndani ya mwamba au nje ya mwamba? Swali hilo ndilo linaloamua chombo. Mpwa wangu alipokuwa akinionyesha bei zake tatu, alikuwa ananiuliza swali la watu wa Shanga.

Tuje kwenye ngalawa. Chukua mtumbwi ule ule wa gogo, aghalabu wa mwembe, mwembamba hata mtu mnene hukaa kwa taabu. Pitisha juu yake miti miwili iliyokingama, na kwenye ncha za miti hiyo funga mirengu, zile mbao mbili za pembeni zinazokanyaga maji kulia na kushoto. Simamisha mlingoti, ning'iniza foromali na tanga la pembe tatu. Lile gogo lililokuwa likibingirika sasa linasimama wima na kubeba tanga kubwa kuliko lilivyostahili, maana upepo ukililaza upande mmoja, mrengu wa upande huo hulikatalia. Linapita mahali ambapo maji ni ya goti. Watu wawili wanaliendesha, watu wachache wanalisukuma hadi mchangani. Upepo wa kaskazi na wa kusi hautozi senti.

Akili hii haikuanzia kwetu peke yetu. Mwingereza James Hornell, mtaalamu wa uvuvi aliyefanya kazi Madras, aliandika mwaka 1919 juu ya udugu wa ngalawa zetu na mitumbwi yenye mirengu ya visiwa vya Indonesia. Kwamba watu wa huko walivuka bahari hii hakuna ubishi: Kimalagasi, lugha ya Madagascar, ndugu yake wa karibu yuko Borneo. Komoro wanaiita galawa. Wavuvi wa Kivezo wa Madagascar nao hutumia mtumbwi wenye mrengu mmoja tu, na wanakwenda nao mbali. Kwa hiyo, tunapoiona ngalawa pale Msasani tukaidharau kuwa ni kitu cha kishamba, tukumbuke kwamba ina nasaba ndefu kuliko ya wengi wetu.

Marehemu baba yangu aliivulia ngalawa maisha yake yote. Niliijua kazi ya kuipaka sifa, ile shahamu ya papa ambayo harufu yake shuleni ilinifanya nikae dawati la nyuma peke yangu. Niliijua kazi ya kuwasha makuti chini ya gogo ili kuua wadudu wanaotoboa mbao. Ilinisomesha ngalawa ile. Nikaingia mjini, nikavaa viatu, na baada ya miaka mingi nikastaafu na kiinua mgongo changu.

Na hapa ndipo palipo sababu ya kusita kwangu. Nilipopata fedha zile nilijiona tajiri. Nikasema, ukoo wetu umetosha kukaa kwenye gogo. Nikanunua boti ya faiba iliyokwisha kutumika na mashine yake ya nguvu za farasi kumi na tano, kwa mtu ambaye alinihakikishia kwamba mashine ilikuwa kama mpya. Nikamkabidhi mpwa wangu huyu huyu. Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri, nikaanza hata kuzungumza barazani kama mwenye meli. Kisha jioni moja ya kusi, nje ya Mbudya, mashine ikazima. Walikuwa watatu. Wakavuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Ndani ya boti hamkuwa na tanga, hamkuwa na mlingoti, na kasia lilikuwa moja. Mimi ndiye niliyesema makasia yanajaza nafasi bure.

Usiku kucha upepo uliwasukuma kaskazini. Dada yangu alikaa kwenye mchanga wa Kunduchi hadi alfajiri, nami nilikaa kando yake, hakunisemesha neno. Asubuhi walionekana mbele ya Bagamoyo na wazee wawili waliokuwa wakienda kutazama dema zao. Walikuwa na ngalawa. Ikaikokota boti yangu kwa tanga lililotiwa viraka vya magunia.

Sisemi kwamba mashine ni mbaya. Serikali ya Muungano na ya Zanzibar katika miaka hii ya 2020 zimetoa boti za faiba kwa mikopo, na wako waliofaidika nazo. Samaki wa ndani ya mwamba wamepungua, kila mvuvi atakwambia, na jodari hakufuati ufukweni. Lakini mwenye mashine huanza siku akidaiwa. Mjini watu hawaijui hesabu ya chombo, nitaieleza. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama: petroli, oili, barafu, chakula. Kinachobaki ndicho hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi. Siku ya ngalawa tupu, wamepoteza usingizi. Siku ya mashine tupu, wamepoteza usingizi na petroli, na petroli hiyo aghalabu imetolewa na tajiri wa samaki, ambaye kesho atataka auziwe yeye kwa bei yake yeye. Mpwa wangu akimkimbia tajiri mwenye chombo, ataangukia mikononi mwa tajiri mwenye dumu.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Vijana wa mjini wanaisoma methali hii shuleni bila kujua joshi ni nini. Kwenda joshi ni kukielekeza chombo karibu na unakotoka upepo, kazi inayotaka tanga zuri, kamba nzima na mabaharia wa kutosha. Mnyonge ana tanga bovu, basi huenda upepo unakompeleka. Boti yangu ya faiba usiku ule ilikuwa dau la mnyonge barabara, pamoja na bei yake yote.

Wako wanaotafuta njia nyingine. Kule Lamu fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la taka za plastiki, likaitwa Flipflopi kwa sababu ya ndara zilizookotwa zikalipamba. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nililifurahia, maana walichongea plastiki zile kwa ufundi wa mbao. Hata hivyo ni jahazi la mita tisa, si kitu cha kikaratasi cha mpwa wangu. Yeye alinionyesha pia kwenye simu picha ya mtumbwi mdogo wa plastiki wa watalii, akauliza kama utafaa. Nikamuuliza dema ataliweka wapi, kichwani?

Mwisho wa juma alirudi. Nikamweleza habari za Menouthias na za Shanga, akasikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mjomba, miembe mikubwa imekwisha. Na babu alivua ndani ya mwamba samaki walipokuwapo."

Sikuwa na jibu la haraka. Gogo la mwembe lenye unene wa ngalawa ya baba yangu siku hizi halipatikani kwa urahisi, na likipatikana mwenye shamba anajua thamani yake. Ndiyo maana mafundi wengi wanaunga mbao juu ya gogo jembamba ili kulipandisha. Tukabishana hadi magharibi. Dada yangu alikuwa jikoni, akasikia yote, akatoka na kusema jambo moja tu: chombo chochote mtakachonunua, kiwe na tanga na makasia mawili, la sivyo mwanangu haondoki pwani.

Basi faiba imefutwa kwenye kikaratasi. Yeye anaipenda ile mashua ya mbao, ambayo ina tanga lake, na baadaye akijaliwa anaweza kuifunga mashine ndogo nyuma. Mimi fedha zangu zinatosha ngalawa. Jumamosi alfajiri tunapanda daladala ya Bagamoyo kwenda kuitazama hiyo iliyotumika. Nitaipiga kwa kifundo cha kidole kuanzia omo hadi tezi nisikilize mahali inapolia tupu, nitapenyeza ncha ya kisu pale maji yanapoishia, na nitazikagua kamba za mirengu moja moja. Ikiwa kisu kitazama, tutarudi kwa fundi wa mashua kumuuliza kama atapokea nusu sasa na nusu baada ya kusi.