Ushahidi na Nyumba ya Kupanga

Ukikaa na vijana wanaoandika programu huku Tena, ubishi huwa huo huo: uandike skripti chache za PHP uzipandishe kwa seva, ama uanze na fremuweki nzima, ile nyumba inayokuja na vyumba tayari, wewe unaleta viti tu? Mimi huwarudisha Januari 2008.

Serikali ilikuwa imezuia matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 3, wakili Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake kama kuna watu wa teknolojia wanaoweza kuchora ramani ya ghasia. David Kobia, aliyekuwa Alabama, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaitika, na baada ya siku chache tu Ushahidi ilikuwa hewani, ikipokea ripoti kwa mtandao na SMS. Zaidi ya watu 1,100 walikufa msimu ule. Nani angeuliza kama programu imepangwa vizuri?

Shida ilikuja baadaye, wageni walipoanza kuitaka. Kitu ulichojenga mbiombio unakijua wewe mwenyewe, ukilala, kimelala. Kwa hivyo Ushahidi ikaandikwa upya juu ya Kohana, fremuweki ya PHP iliyotokana na CodeIgniter mwaka 2007. Hapo hifadhidata ina mahali pake, kurasa zina mahali pake, na mtu ambaye hajawahi kukutana na Kobia anajua aanzie wapi. Tetemeko lilipopiga Haiti Januari 2010, ramani ilikuwa hewani ndani ya saa chache tu, na wanafunzi karibu na Boston wakajitolea kuijaza ripoti. Kwangu mimi, hiyo peke yake inalipa gharama yote ya kujifunza fremuweki.

Lakini nyumba ya kupanga ina landlord. Waliotunza Kohana waliiacha, na Ushahidi ikabidi ihamie Laravel. Kuhama si kubadilisha mlango: unafungasha kila kitu, na watumiaji wanakungoja nje. Skripti ya PHP iliyoandikwa kwa kiasi haikufukuzi hivyo, ingawa pia PHP yenyewe hubadilika.

Ratiba ya maji ya ploti yetu nimeiweka kwa faili moja, watu thelathini hivi, hakuna haja ya zaidi. Juzi caretaker wa ploti tatu kule Umoja ameomba nakala. Nimeanza kusoma Laravel.