Noti za Kale za Pwani ya Tanga: Historia kama Kipimo cha Thamani

Thamani ya noti ya kale hutegemea mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, nayo ni uchache wa noti za aina yake zilizosalia na hali ya karatasi yenyewe. Hali ya karatasi siku hizi hupimwa na kampuni za upangaji madaraja, yaani taasisi za kibiashara ambazo hupokea noti kwa ada, huthibitisha kuwa si ya kughushi, huipa alama na kuifunga ndani ya ganda la plastiki lenye maelezo yake. Uchache, kwa upande wake, hautolewi na kampuni yoyote, kwa kuwa uliamuliwa zamani, wakati noti ilipochapwa, ilipopokewa au kukataliwa sokoni, na ilipoondolewa katika mzunguko. Kwa mtu mwenye noti za zamani Tanga, Pangani au Muheza, kuchagua ipi ipelekwe kupimwa na ipi ibaki nyumbani ni jambo la historia kabla ya kuwa jambo la fedha. Na historia ya pwani hii inaonyesha kwamba noti ambazo wenye nazo waliweza kuzirudisha na kulipwa ndizo zilizoadimika, ilhali zile zilizopoteza mlipaji zimebaki kwa wingi.

Kabla ya karne ya 20 pwani ya kaskazini ilifanya biashara kwa fedha ya madini. Riale za Maria Theresa na rupia za fedha za India zilipokewa Pangani na Tanga kwa sababu uzito wa madini yake ulijulikana, na mfanyabiashara hakulazimika kumwamini mtawala aliyezitoa. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutoa sarafu zake mwaka 1890, ilifuata mazoea hayo kwa kutengeneza rupia ya fedha na pesa ya shaba, ambapo pesa 64 zilifanya rupia moja. Serikali ya kikoloni ilipochukua mamlaka ya sarafu mwaka 1904, rupia iligawanywa katika hela 100, na rupia 15 zikafungamanishwa na mark 20 za Ujerumani.

Karatasi ilifuata mara moja. Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki iliyoanzishwa Berlin mwaka 1905 na kupewa haki ya kutoa noti katika koloni, ilitoa noti za rupia 5, 10, 50 na 100 zenye tarehe ya 15 Juni 1905, na mwaka 1912 ikaongeza noti ya rupia 500. Zilichapwa Ujerumani na kampuni ya Giesecke & Devrient kwa ustadi mkubwa: noti ya rupia 5 ilibeba picha ya simba, ya rupia 10 bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa zaidi sura ya Kaisari Wilhelm II. Huko Tanga noti hizi ziliingia katika uchumi uliokuwa ukikua kwa kasi, kwa kuwa ujenzi wa reli ya Usambara ulioanza mjini hapo mwaka 1893 ulifika Moshi mwaka 1911, na mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa umeenea katika mashamba ya nyuma ya pwani. Hata hivyo vibarua wa mashamba hayo walilipwa rupia chache kwa mwezi, na kwa hiyo hata noti ndogo kabisa ilikuwa sehemu kubwa ya mshahara wa mtu mmoja. Noti zilizunguka zaidi kati ya nyumba za biashara, mashamba na ofisi za serikali, yaani kwa watu waliojua njia ya kuzirudisha benki, huku mwananchi wa kawaida akishika hela na rupia za fedha.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilibadili hali hiyo. Jeshi la Uingereza na India lililoshuka Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 lilishindwa na askari wa kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, lakini bahari ilibaki mikononi mwa Waingereza, na meli Rubens, iliyojaribu kupenya na shehena ya silaha mwezi Aprili 1915, iliishia kushambuliwa katika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga. Koloni lililozingirwa halikuweza kupata sarafu wala noti kutoka Ujerumani, huku askari na wapagazi wakihitaji kulipwa, na watu wakificha fedha ya madini kama kawaida ya nyakati za hofu. Ndipo, kuanzia Machi 1915, benki ilipoanza kutoa noti za muda zilizochapwa ndani ya nchi kwa karatasi yoyote iliyopatikana, zikiwemo noti za rupia moja, ambazo kwa mara ya kwanza ziliipeleka karatasi hadi kwenye matumizi ya kila siku.

Noti hizi za muda zilitolewa katika matoleo mengi yenye tarehe, herufi za mfululizo, rangi na saini tofauti, kwa kuwa wingi wake ulilazimisha watu kadhaa kusaidia kazi ya kuzitia saini kwa mkono. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilitengeneza pia sarafu za shaba nyekundu na shaba njano, na vipande vya dhahabu vya rupia 15 vyenye picha ya tembo. Mwaka 1917, wakati serikali ya koloni ilipokuwa ikirudi nyuma kuelekea kusini, zilitolewa noti za mwisho, zinazoitwa na wakusanyaji noti za porini, zilizogongwa kwa herufi za mpira kama mihuri ya ofisini.

Tanga ilikuwa imetekwa na Waingereza tangu Julai 1916, na Dar es Salaam ilifuata mwezi Septemba. Benki iliyoahidi kuzilipa noti za muda ilipoteza nchi ilimokuwa ikifanya kazi, na maelfu ya noti yakabaki majumbani bila kurudishwa. Hii ndiyo sababu noti ya rupia moja ya mwaka 1915 au 1916, ingawa imevuka miaka 100, ni miongoni mwa noti za zamani zinazopatikana kwa urahisi zaidi, na ile iliyochakaa kwa kawaida haistahili gharama ya kupimwa. Zinazostahili ni noti za thamani kubwa, matoleo yaliyochapwa kwa uchache, na noti za porini, ambazo wepesi wa uchapaji wake huwavutia waghushi na hivyo kuufanya uthibitisho wa mtaalamu kuwa na maana. Tarehe za vita husaidia pia kuchuja masimulizi: noti yenye tarehe ya 1 Julai 1917 haiwezi kuwa ililipwa na Wajerumani katika duka la Tanga, kwa sababu wakati huo mji ulikuwa chini ya utawala mwingine kwa karibu mwaka mzima.

Mabadiliko ya baada ya vita yalizalisha uadimu wa namna nyingine. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa mwaka 1919, ilitoa noti za florin mwaka 1920, kisha ikaiacha florin mara moja na kuleta shilingi mwaka 1921. Kwa kuwa florin iliishi kwa muda mfupi na wenye nayo waliweza kuibadilisha, noti zake zilizobaki ni chache sana. Zanzibar ilitoa noti zake za rupia kuanzia mwaka 1908, zenye picha za jahazi na uchumaji wa karafuu, mpaka visiwa hivyo vilipoingia katika shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936, na kila rupia ikahesabiwa kuwa shilingi moja na nusu. Noti hizo zilirudishwa karibu zote, na ndiyo maana leo hutafutwa kwa bei kubwa hata zikiwa na mikunjo na madoa.

Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa Juni 1966 chini ya Gavana Edwin Mtei, ilianza na noti za shilingi 5, 10, 20 na 100 zenye sura ya Mwalimu Julius Nyerere, na nyuma ya noti ya shilingi 10 kuliwekwa picha ya mkonge ukianikwa, zao lililoujenga uchumi wa Tanga. Kwa kuwa zilichapwa kwa wingi, noti za miaka hiyo zinazostahili kupimwa ni hasa zile ambazo hazikutumika kabisa, au zile za badala, yaani zilizochapwa kuchukua nafasi ya noti zilizoharibika kiwandani.

Mizani ya madaraja yenyewe hutumia alama 1 hadi 70, utaratibu uliotungwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya sarafu na baadaye kuhamishiwa kwenye noti na kampuni kama Paper Money Guaranty, iliyoanzishwa mwaka 2005. Alama 20 hadi 35 huonyesha noti iliyotumika lakini bado imara, na 60 kwenda juu noti ambayo haikuingia katika mzunguko. Hali ya hewa ya pwani, yenye joto, unyevu na chumvi, huacha madoa ya kahawia, kutu ya pini na matundu ya wadudu, na majaribio ya kuyaondoa huleta hasara zaidi: noti iliyooshwa, iliyopigwa pasi, iliyopunguzwa kingo au kuunganishwa kwa gundi hutajwa hivyo katika maelezo yake, na bei yake hushuka.

Kwa hiyo mwenye noti anapaswa kwanza kutambua toleo lake kwa tarehe, herufi na saini, akitumia orodha zinazofuata namba za Albert Pick zilizozoeleka duniani. Kisha alinganishe bei ya noti hiyo ikiwa imepimwa na ikiwa haijapimwa, akitoa ada, usafirishaji wa kwenda ng'ambo na kurudi, na bima. Tofauti isipozidi gharama hizo, na uhalali wa noti usipokuwa na shaka, hakuna faida ya kupima. Lakini noti isiyostahili kupimwa haipaswi kutupwa au kuuzwa bila kumbukumbu. Cheti cha daraja hakiandiki noti ilipokewa na nani, kwa kazi gani, wala ilihifadhiwa wapi, na maelezo hayo yakiandikwa na familia zingali zikiyakumbuka, noti ya muda iliyochanika inaweza kuifaa historia ya Tanga kuliko noti safi isiyojulikana ilikotoka.